Binti Amepata Nafasi ya Fizikia: Deni, Mshahara na Mazungumzo ya Nyumbani



Kila mwaka, baada ya KUCCPS kutangaza majina ya waliopangiwa vyuo vikuu, maswali hutufikia kutoka kwa akina mama wa Kisauni, Malindi, Kwale na Lamu. Aghalabu ni swali moja lenye sura nyingi. Mtoto amefaulu, alhamdulillahi, na jina lake limetoka. Lakini fani aliyopangiwa si udaktari, si uuguzi, wala si uhandisi. Ni shahada ya sayansi katika fizikia. Baba yuko radhi, mama ana wasiwasi, na jirani aliyekuja kutoa hongera ameuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: akimaliza atakuwa nani?

Swali hilo si la dharau. Mwenye kumsomesha mtoto uuguzi anaujua mwisho wa safari hata kabla ya kuianza. Ameona sare nyeupe, amemwona muuguzi wa mtaani akitoka zamu. Fizikia haina sare. Na kwa kuwa nyumba nyingi haziwezi kulipa karo pasi na kukopa, swali la jirani huja na lingine zito zaidi: deni hili litalipwa na mshahara upi?

Tumeonelea tulipime jambo hili kwa hesabu, kwani mengi yasemwayo kulihusu, ya kutia hofu na ya kutia moyo, husemwa bila kalamu na karatasi.

Tuanze na deni lenyewe. Mikopo ya wanafunzi nchini Kenya si jambo la jana. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mfuko wa mikopo ya elimu ya juu tangu mwaka 1952 kwa waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki, na mwaka 1974 serikali huru ikaanzisha mpango wake kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, kwa sababu miongo miwili ya kukopesha ilikuwa imepita na waliorejesha walikuwa wachache. Tangu hapo mwajiri analazimika kumkata mfanyakazi wake anayedaiwa na kuipelekea bodi fedha hizo.

Mpaka miaka michache iliyopita deni lilikuwa dogo. Mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB ulikuwa baina ya 35,000 na 60,000. Mwezi Mei mwaka 2023 ukaja mpango mpya wa kugharimia vyuo vikuu. Chini ya mpango huo karo hutajwa kwa gharama yake kamili, kisha hugawanywa mafungu matatu: ufadhili usiorejeshwa, mkopo, na sehemu ya familia. Kila nyumba huwekwa katika bendi kulingana na kipato chake. Mpango huu umepita mahakamani. Mahakama Kuu iliubatilisha Desemba 2024, na Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo mwaka uliofuata. Serikali nayo ikatangaza mwaka 2025 kupunguza karo za kozi nyingi. Kwa hivyo asikubali mzazi yeyote kuhesabu kwa barua ya mtoto wa jirani aliyeingia miaka miwili nyuma. Ahesabu kwa barua iliyoandikwa jina la mwanawe.

Hata hivyo mfano hausitiri kitu, nasi tutautoa. Tuseme karo ya mwaka ni shilingi 200,000, na binti amewekwa bendi ya tatu. Kwa mgawanyo uliotumika mwaka 2024, bendi ya tatu hupata ufadhili wa nusu, yaani 100,000. Mkopo wa asilimia 30, yaani 60,000. Na familia hubaki na asilimia 20, ambayo ni 40,000. Juu ya mkopo wa karo kuna mkopo mwingine wa kujikimu, ambao kwa bendi hiyo ulikuwa 50,000 kwa mwaka. Ukizijumlisha pande mbili za mkopo, binti anakopa 110,000 kila mwaka. Kwa miaka minne ni 440,000.

Nambari hiyo huwashtua wazazi wanaoiona kwa mara ya kwanza, lakini yafaa itazamwe kwa utulivu. HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka, na mhitimu hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kudaiwa. Akianza kulipa 440,000 kwa malipo sawa ya kila mwezi kwa miaka 10, atatoa takribani shilingi 4,455 kwa mwezi, na mwisho wa safari atakuwa ametoa kama 534,600. Akilipa kwa miaka sita atatoa kama 6,900 kwa mwezi, na nyongeza yote itakuwa takribani 55,600. (La riba kwa mizani ya dini tutalifikia, hapa tunahesabu tu.)

Sasa tuuweke upande wa pili wa mizani. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, katika daraja C2. Katika mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, mshahara wa msingi wa daraja hilo ulifikia 34,955 kwa anayeanza, mbali na marupurupu. Malipo ya 4,455 kwa mshahara huo ni kama sehemu moja ya nane. Yanauma, hasa baada ya kodi, bima ya afya ya SHIF ya asilimia 2.75 na makato ya nyumba ya asilimia 1.5, lakini hayavunji mtu mgongo. Wako walimu wengi wanaolipa hivyo na kuwasaidia wazazi juu yake. Bali si kila mwenye shahada huanzia hapo. Walimu wa mafunzo ya kazi katika sekondari msingi wamekuwa wakipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa mwenye 20,000 yale malipo yale yale ni zaidi ya moja ya tano ya kipato chote. Na yuko asiye na hata hizo 20,000.

Hapo ndipo penye hatari, na twaomba akina mama watuelewe vizuri katika jambo hili. Wengi wanaogopa ile asilimia 4. Kwa deni la 440,000, asilimia 4 ni shilingi 17,600 kwa mwaka wa kwanza. Lakini anayepitisha muda bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Miezi 12 ya kukaa kimya ni 60,000, zaidi ya mara tatu ya riba ya mwaka huo. Anayekaa miaka mitatu nyumbani bila kazi, bila kulipa na bila kuwasiliana na bodi, huongezewa 180,000 za faini peke yake. Deni lililokuwa himili ya mwalimu wa kawaida limegeuka kuwa jambo jingine kabisa, na hakuna aliyenunua hata kalamu kwa fedha hizo.

Kwa hivyo si sawa kulipima deni kwa mshahara ambao mhitimu atapata akiwa na umri wa miaka 40. Kipimo cha haki ni miaka mitatu ya kwanza baada ya kuhitimu: je, katika miaka hiyo kuna mlango ambao shahada hii hufungua yenyewe, au kila mlango unahitaji ufunguo wa pili?

Kwa shahada ya sayansi katika fizikia, ukweli ni kwamba milango mingi ina kufuli mbili. Mhitimu wake hawezi kusajiliwa na TSC kuwa mwalimu mpaka apate stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo ni muda zaidi na karo zaidi. Hawezi kusajiliwa kuwa mhandisi, kwa kuwa bodi ya wahandisi husajili wenye shahada za uhandisi zilizoidhinishwa. Hospitali zenye mashine za kutibu saratani kwa mionzi haziwezi kuziendesha pasi na mwanafizikia wa tiba, anayepima kiasi cha mionzi anachopewa kila mgonjwa. Lakini huyo huhitaji shahada ya uzamili na mafunzo ya hospitalini. Idara ya hali ya hewa, shirika la viwango linalohakiki mizani na vipimo, kampuni za mvuke wa ardhini kule Olkaria, mamlaka ya kudhibiti mionzi, zote zinawahitaji wanafizikia, ila kwa nafasi chache na kwa ushindani mkubwa. Anayejua fizikia anaweza pia kufunga mitambo ya umeme wa jua, kazi isiyokosekana katika visiwa na vijiji vyetu, ila kisheria lazima awe na leseni ya EPRA, nayo hupatikana kwa mafunzo na mtihani wake.

Sasa mtazame mwenzake aliyesoma shahada ya elimu katika sayansi, kwa masomo ya fizikia na hisabati. Madarasa mengi wamekaa pamoja. Miaka ni ile ile minne, mkopo hautofautiani sana, na sheria zile zile za mwendo na nishati wamezisoma kwa mhadhiri mmoja. Lakini siku ya kuhitimu, huyu anaomba usajili wa TSC moja kwa moja, maadamu KCSE yake ilikuwa na C+ na alipata si chini ya C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Kazi ya serikali huenda ikachelewa, kwani walimu wanaosubiri ni wengi. Lakini shule za binafsi, na khasa shule zetu za Kiislamu, huwa zinamtafuta mwalimu wa fizikia na hisabati kwa taa. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari ya juu na kugawanyika katika mikondo, shule inayotaka kufundisha mkondo wa sayansi haina budi kuwa na mwalimu wa fizikia.

Hatusemi kwamba kila binti akasome ualimu. Tunasema kwamba baina ya kozi mbili zenye jina la fizikia, moja ina mshahara karibu na nyingine ina mshahara mbali, na familia inayokopa yapaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kutia saini. KUCCPS huruhusu mwanafunzi kuomba kuhamia kozi au chuo kingine kwa muda maalumu baada ya kupangiwa. Tarehe hizo hupita upesi, na wengi huzijua zikishapita.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za Nairobi husahau. Zile 50,000 za kujikimu, ukizigawa kwa miezi minane ya masomo, ni kama 6,250 kwa mwezi. Kwa mtoto anayepanga chumba mji wa mbali, fedha hizo haziwezi kutosha kodi, chakula na nauli. Pengo hujazwa na nyumbani, aghalabu kwa kukopa tena mahali ambapo hapana bendi wala ufadhili. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Vyote viwili vilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, na binti wa Mtwapa au Majengo anaweza kusoma huko akilala kwao. Chumba cha mamake hakilipiwi kodi, na mkopo wa kujikimu waweza hata kukataliwa au kuombwa mdogo. Katika mfano wetu, asiyechukua mkopo wa kujikimu hubaki na deni la 240,000 badala ya 440,000.

Na huenda mtu akauliza: kama mambo ni hivi, kwa nini asome fizikia kamwe? Tunajibu kwamba wako watoto ambao hawawezi kuisoma kwa nusu. Anayeuliza kwa nini maji ya bahari hupanda na kushuka, akaambiwa ni mwezi, akauliza mwezi unayavutaje, huyo amekwisha kuchagua. Elimu ya mwanga iliandikiwa msingi wake Misri na Ibn al-Haytham, na wasichana wa Pwani hawaikuti kwa wageni peke yao. Hata bahari yetu ina historia yake katika fani hii: tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ulimwenguni iliyotengenezwa makhsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka mbinguni. Ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Aliyesimamia mradi huo kwa upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na mkuu wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Watoto wa Malindi wanaopita Ngomeni wengi hawajasimuliwa habari hii.

Kwa mtoto wa namna hiyo, njia ipo, na jambo la kufurahisha ni kwamba sehemu ya juu ya njia hiyo haina deni. Fizikia ni miongoni mwa fani ambazo masomo ya uzamili mara nyingi hulipiwa na chuo au taasisi, wala si mwanafunzi. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichoko Trieste nchini Italia, kina stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea, nao hulipiwa masomo na maisha. Tawi lake la Afrika Mashariki liko Kigali tangu mwaka 2018, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, likitoa shahada ya uzamili na ufadhili. Anayefika huko hufika kwa alama zake za shahada ya kwanza. Kwa hivyo binti anayechagua fizikia tupu na aelezwe waziwazi kwamba alama za kiwango cha kati, ambazo mwalimu anaweza kuishi nazo, kwake yeye hazitoshi. Njia yake ni ya daraja la kwanza au daraja la pili la juu. Akiona mwaka wa pili alama hazisogei, ni bora familia ijue wakati huo, si baada ya sherehe ya kuhitimu.

Tumeahidi kurejea kwenye riba. Sisi si mamufti, na hatutatoa fatwa katika ukurasa huu. Inajulikana kwamba asilimia 4 juu ya mkopo, hata iwe ndogo na hata mkopeshaji awe serikali, ina utata mzito kwa Muislamu, na kwamba wanazuoni wamezungumza kuhusu dharura na mipaka yake. Kila nyumba na imuulize sheikh inayemwamini, tena imuulize kwa nambari mkononi: karo kiasi gani, ufadhili kiasi gani, nini kinapungua. Tumeona familia zikiuliza swali hilo kana kwamba ni ama mkopo wote au kukaa nyumbani, ilhali mara nyingi pengo halisi ni dogo kuliko walivyodhani. Binti anayelala kwao, mwenye ufadhili wa nusu ya karo, anahitaji katika mfano wetu 100,000 kwa mwaka, pamoja na ile sehemu ya familia. Ni fedha nyingi kwa mtu mmoja. Kwa ukoo wenye wajomba, ami na shangazi kumi wenye kipato, ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, chini ya 850 kwa mwezi. Kuna basari za kaunti na za NG-CDF, ambazo ni ndogo lakini huombwa kila mwaka na si mara moja tu. Kuna mpango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, ulioanza mwaka 1983, ambao kwa mwanafunzi ulijengwa juu ya karadha njema: anarejesha alichopewa bila nyongeza, na kinachorejea kinamsomesha mwingine. Mpango huo umeegemea zaidi udaktari, uhandisi na fani za namna hiyo, lakini mfumo wake ni wa kuigwa.

Na kuigwa si ndoto kwetu. Hicho Chuo Kikuu cha Kiufundi tulichokitaja kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, na miongoni mwa waliotoa fedha za kukianzisha ni Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora. Msikiti wenye jamaa 300 wanaotoa shilingi 100 kila mwezi hukusanya 360,000 kwa mwaka, karo inayokosekana ya mabinti watatu wa fizikia kama huyu wa mfano wetu, na ikirejeshwa kama karadha, ni watatu wengine baadaye. Misikiti yetu imekwisha kujenga minara kwa michango mikubwa kuliko hiyo.

Wenye kukopeshana ndani ya ukoo nao waandikiane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayohusu kuandika deni, na hakuna sababu ya kuona haya kwa sababu mdai ni mjomba. Karatasi moja, kiasi, muda wa kuanza kurejesha, mashahidi.

Limebaki jambo ambalo tumeliona likivunja amani ya nyumba changa, nalo ni ndoa. Binti anahitimu akiwa na miaka 22 au 23, na posa huja wakati huo huo, pengine kabla ya kazi. Furaha ya arusi hufunika kila kitu. Mwaka mmoja wa kusubiriwa na HELB unapita akiwa katika fungate na kuhamia nyumba mpya, kisha pengine akiwa na mimba. Mume hajui kama mkewe anadaiwa. Hakuulizwa, naye hakuuliza. Ujumbe wa bodi unakuja kwenye nambari ya simu aliyokwisha kuiacha. Miaka mitatu baadaye anapata nafasi ya kufundisha, mwajiri anataka cheti cha HELB, na ndipo anapoijua jumla.

Kwa sheria ya dini yetu mali ya mke ni yake, na deni lake ni lake. Mume anawajibika kwa nafaka ya nyumba. Hawajibiki kulipa mkopo aliousomea mkewe, isipokuwa kwa ihsani yake. Mahari nayo ni ya mke, na hapana ruhusa ya baba kuichukua akasema amerudisha karo. Kwa hivyo posa inapokuja, walii wa binti anapouliza habari za kijana, na aeleze pia habari za deni: kiasi, malipo ya mwezi, na nani atalipa iwapo binti atakaa nyumbani kulea. Hili halipunguzi hadhi ya bi arusi hata chembe. Kijana anayetaka mke amuachie kazi ili alee watoto ana haki ya kutaka hivyo, lakini ajue kwamba analotaka lina bei ya shilingi 4,455 kwa mwezi, na yafaa liwe ndani ya makubaliano yao. Tumeona waume walioambiwa mapema wakalipa kwa moyo mkunjufu. Walioambiwa baada ya miaka mitatu, wakiwa na barua ya faini mkononi, hawakuwa na moyo huo, wala hatuwezi kuwalaumu sana.

Wadhamini nao wasisahauliwe. Fomu ya HELB hutaka wadhamini wawili. Aghalabu mmoja ni mzazi na wa pili ni ami au jirani aliyetia saini kwa kuombwa mlangoni, akiwa amesimama, bila kusoma. Mtu huyo ameweka jina lake juu ya deni la mtu mwingine. Kumjulisha kila mwaka limefika wapi ni haki yake.

Anayejikuta hana kazi mwaka wa kusubiriwa ukiisha, asikae kimya. Aiandikie bodi, aeleze hali yake, aombe mpango wa malipo anaouweza, hata kama ni mdogo. Na asikilize matangazo, kwani ziko nyakati bodi imesamehe faini, kwa sehemu au zote, kwa waliokuja kulipa deni lao. Aliyekwenda kufanya kazi Oman, Qatar au Dubai ajue kwamba huko hakuna mwajiri wa kumkata. Atalipa mwenyewe kila mwezi, na kimya chake huhesabiwa faini kama kimya cha aliyeko Likoni. Na aliyelemewa kabisa, asiye na njia, ana haki ya kuuliza kama anaingia katika fungu la wenye madeni wanaopewa zaka.

Kwa wazazi ambao barua iko mezani wiki hii: someni kwanza jina kamili la kozi, kama ni sayansi au ni elimu katika sayansi. Kisha tazameni bendi, na kama mnaona mmewekwa pasipo penu, ombeni ipitiwe upya, kwani utaratibu huo upo. Andikeni hesabu yenu kama tulivyoandika hapa, kwa nambari zenu, binti akiwa amekaa nanyi na kalamu akiishika yeye, kwani hesabu za namna hii kwake ni nyepesi kuliko kwenu. Nakala ya mkataba wa mkopo, majina ya wadhamini na nambari ya simu aliyoisajili nayo vitiwe katika bahasha moja na vyeti vyake, na siku akihamia kwa mumewe, bahasha hiyo iende naye.